Tone la zebaki ndani ya lifti

Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, wataalamu wa kompyuta walikuwa wakipiga soga kwa maandishi kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta zao. Mada ilikuwa ya kitoto: lifti ikikatika kamba na kuporomoka, njiwa anayeruka ndani yake atapatwa na nini? Mwingine akaongeza mshumaa unaowaka na tone la zebaki sakafuni. Ndipo mmoja akabandika onyo kwamba, kutokana na jaribio la fizikia, lifti ya kushoto kabisa imechafuka kwa zebaki na kuungua kidogo, na usafishaji utakamilika Ijumaa saa 2 asubuhi. Waliofuata soga tangu mwanzo walielewa. Waliochelewa waliona tangazo la hatari tu, wakaingiwa na hofu, hata mwenzao mmoja akalazimika kuandika kwamba hakuna zebaki iliyomwagika.

Ni rahisi kuwaita wajinga walioamini, lakini ushahidi unawatetea. Mwaka mmoja kabla, sehemu ya jengo moja chuoni hapo ilikuwa imefungwa kweli kwa sababu ya zebaki. Na onyo lenyewe limeandikwa kwa lugha ya ofisi: mahali, sababu, saa ya kumaliza. Kicheko chote kilikaa nje ya maneno, katika kumbukumbu za waliojua habari za njiwa na mshumaa. Kwetu, mtani akizuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, hakuna anayekwenda polisi, maana udugu wa utani baina ya kabila lake na la marehemu unajulikana na kila aliyeketi msibani. Pittsburgh hapakuwa na ujuzi wa aina hiyo: ubao uliwachanganya wajuaji na wapita njia. Ikabidi itafutwe alama ya kuonyesha mzaha. Mmoja alitaka kinyota, mwingine alama ya asilimia, mwingine akaiteua &, akiiona kama mtu mnene anayetikisika kwa kicheko. Tarehe 19 Septemba, saa 5:44 asubuhi, mwenzao Scott Fahlman akapendekeza :-) na kuagiza isomwe kwa kuinamisha kichwa upande.

Wapo wanaosema hakubuni jipya, kwani jarida la Puck la New York lilichapa nyuso za alama za chapa mwaka 1881. Ni kweli, ila zile zilikuwa maonyesho ya ustadi wa wachapaji, wala hazikumsaidia mtu kueleweka na mwenzake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzaha uliotangazwa umeshakufa. Sikubaliani nalo. Mtani naye hujulikana kabla hajafungua kinywa, na bado wafiwa hucheka machozi yakiwatoka. Kujua kwamba ni utani ndiko kunakowapa ruhusa ya kucheka.

Ujumbe wa Fahlman ulipotea, ukafukuliwa mwaka 2002 kutoka kwenye kanda za zamani za kuhifadhia data. Ndani yake mna jambo lililosahauliwa: aliona kwamba, kwa hali ilivyokuwa, huenda ingefaa zaidi kutia alama mambo ambayo si mzaha, akaiteua :-( kwa kazi hiyo. Watu waliipokea alama, wakaikataa kazi yake. Punde ikawa ya huzuni na hasira, na aliyeandika jambo la dhati akabaki bila alama.