Hudson Soft

Hudson Soft ilikuwa kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, iliyoanzishwa mwaka 1973 mjini Sapporo, kisiwani Hokkaido, na ndugu wawili, Yuji na Hiroshi Kudo. Mwanzoni iliuza vifaa vya redio, kisha ikageukia programu za kompyuta. Mwaka 1984 ikawa kampuni ya kwanza nje ya Nintendo kuitengenezea michezo Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo, ukiwemo Lode Runner. Bomberman, uliotoka 1983, ndio uliolieneza jina lake duniani.

Kazi yake ya kijasiri kuliko zote ilikuwa mashine ya michezo ya PC Engine ya 1987, iliyobuniwa pamoja na NEC. Mwaka uliofuata mashine hiyo iliongezewa kisomaji cha CD, jambo ambalo mashine nyingine za michezo ya nyumbani zilikuwa hazijalithubutu. Nchini Japani ilipendwa sana. Nchini Marekani, kwa jina la TurboGrafx-16, haikufua dafu.

Pigo kubwa lilikuja 1997, benki ya Hokkaido Takushoku, mkopeshaji wake mkuu, ilipoanguka. Kampuni ya michezo ya Konami iliingia kama mwanahisa mkubwa mwaka 2001, ikaimiliki yote 2011, na tarehe 1 Machi 2012 ikaimeza. Mfululizo wa Mario Party, ambao Hudson iliutengenezea Nintendo tangu 1998, uliendelezwa na kampuni ya ND Cube, yenye mafundi waliotoka Hudson.