Waya unapozama mshipani

KUTIA mrija katika mshipa mkubwa wa shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena ni jambo la kila siku katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine nao wanaufahamu vyema.

Madhara yajulikanayo zaidi ni ateri kudungwa badala ya vena, au pafu kutobolewa. Yapo mengine, ya nadra, yanayotokana na vifaa vyenyewe.

Mbinu itumiwayo ilielezwa mwaka wa 1953 na daktari wa Uswidi, Sven-Ivar Seldinger. Sindano hudungwa mshipani, waya mwembamba hupitishwa ndani yake, sindano huondolewa, kisha mrija huteremshwa juu ya waya huo kama ushanga utungwavyo uzini. Mwisho waya huvutwa nje.

Hapo ndipo kosa hutendeka. Waya huwa na urefu wa takriban sentimita 60, na mrija wa mtu mzima sentimita 15 hadi 20. Daktari aliyechoka, au aliyeitwa kando kidogo, akiusukuma mrija kabla ya kuushika waya unapochomoza nyuma, waya wote waweza kuzama mwilini, upite moyoni na kufika hata nyongani. Aghalabu mgonjwa hahisi lolote. Kuna waya zilizogunduliwa baadaye sana, katika eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa.

Ukiachwa humo, waya unaweza kugandisha damu, kuvuruga mapigo ya moyo au kutoboa mshipa. Kwa kawaida mtaalamu huunasa kwa kitanzi kinachopitishwa katika mshipa wa paja, akiongozwa na eksirei, pasipo kupasua kifua.

Kinga yake haigharimu hata shilingi: mkono usiuachilie waya, na waya uhesabiwe pamoja na sindano kabla ya vifaa kuondolewa.

Mrija wenyewe pia huweza kukatika. Ule uliopitishwa chini ya mtulinga kwa matibabu ya muda mrefu, mathalani ya saratani, wakati mwingine hubanwa kati ya mfupa huo na ubavu wa kwanza. Mkono unapokwenda huku na huko mrija hukunjwa, hata siku moja kipande kikachukuliwa na damu hadi moyoni au mapafuni. Dalili ya mapema ni dawa kupita mkono ukiinuliwa, na kukataa ukishushwa. Mgonjwa anayeliona hilo amwarifu muuguzi mara moja, apigwe eksirei kabla ya dawa nyingine kutiwa.