Bayasi

bayasi nm [i-/zi-] (elektroniki) volteji hasi inayopelekwa kwenye gridi ya valvu ili kudhibiti mkondo unaopita hata pale ambapo hakuna sauti inayoingia.

Matumizi. Neno hili halihusiani na upendeleo wa hakimu au wa refa, ingawa tafsiri za haraka huandika “upendeleo wa valvu”, maneno yasiyompa fundi lolote. Utohozi unafaa zaidi hapa.

Hatari kubwa imo katika kitenzi. Amplifaya kongwe ya gitaa yenye valvu za 6L6 inaweza kuwa na bayasi ya takriban volti −50. Anayeambiwa “ongeza bayasi” aelekee wapi? Kwa mwanafunzi wa hisabati, −55 ni ndogo kuliko −50. Kwa fundi mmoja, −55 ndiyo bayasi kubwa zaidi. Kwa mwingine, kuongeza bayasi ni kuongeza mkondo, yaani kuelekea −45. Volteji ikizidi kuwa hasi, mkondo hupungua na sauti hukwaruza. Ikisogea mno kuelekea sifuri, mkondo hupanda, anodi huiva ikawa nyekundu, na transfoma inaweza kuungua. Kwa hiyo mfasiri aache kabisa “ongeza” na “punguza” bila kutaja kinachoongezwa. Aandike: *Ifanye volteji ya gridi iwe hasi zaidi mpaka mkondo wa valvu upungue.*

“Kurekebisha” nako kumebebeshwa mengi. Katika amplifaya kadhaa za Fender za mwishoni mwa miaka ya 1960 na za miaka ya 1970, rezista inayozungushwa kwa bisibisi husawazisha tu pande mbili za valvu. Haipandishi wala haishushi volteji ya zote kwa pamoja. Anayetaka uwezo huo hana budi kulehemu upya. Kazi hiyo iitwe *kubadili saketi ya bayasi*. *Kurekebisha bayasi* kubaki kwa kuzungusha rezista, na *kutengeneza* kwa kilichoharibika.

Tofauti hii ina uzito zaidi katika pwani yenye hewa ya chumvi, ambako viunganishi vya chuma huliwa na kutu mapema. Mguso wa rezista ya kuzungusha ukikatika, gridi inaweza kubaki bila volteji hasi. Saketi iliyobadilishwa vizuri huongezewa rezista ya kudumu ili hitilafu hiyo iipeleke volteji upande ulio hasi zaidi.

Mifano. *Amplifaya iliyokaa miaka mingi Kaole ipimwe bayasi kabla ya kupigiwa gitaa. Fundi alibadili saketi ya bayasi, kisha akairekebisha.* Katika maelekezo ya kazi, onyo litangulie kitenzi cha kwanza: *Kapasita huhifadhi mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, zitolewe chaji kwanza.*

Taz. pia *amplifaya* (si *kipaza sauti*, ambacho wengine hukielewa kuwa maikrofoni na wengine spika), *gridi*, *mkondo*, *saketi*.