Kamera Ndogo, Dharau Kubwa

Luis Marden alipoajiriwa na jarida la National Geographic mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 21 na kamera ya Leica inayoingia kwenye mfuko wa koti. Wakongwe aliowakuta pale Washington walisafiri na kamera nzito, stendi ya miguu mitatu na masanduku ya vioo, maana picha za rangi za jarida hilo zilipigwa juu ya kioo. Kwao, Leica ilikuwa kitu cha kuchezea.

Tusiwacheke haraka. Hoja yao ilikuwa ya hesabu. Picha moja ya Leica kwenye filamu ina milimita 24 kwa 36. Kamera waliyoizoea wapiga picha wengi wa magazeti ya Marekani ilitoa picha ya inchi 4 kwa 5, eneo kubwa mara 15 hivi. Kujaza ukurasa wa jarida kwa kile kipande kidogo, unakivuta mara nane, na kila chembe, vumbi na mkwaruzo unavutika nacho. Filamu kubwa unaweza kuirekebisha kwa penseli na brashi. Nani atakaa na brashi juu ya kitu kinacholingana na stempu? Mtu anayekula kwa usafi wa picha zake alikuwa na sababu ya kukataa.

Hata huko Wetzlar, Ujerumani, ilikozaliwa, kamera hiyo ilitiliwa shaka. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz, alikuwa na pumu, na kubeba kamera za kawaida kulimtesa. Akaunda ndogo inayotumia filamu ya sinema. Kamera chache za majaribio zilipotolewa mwaka 1923, waliozijaribu hawakukubaliana: wengine walizisifu, wengine wakaguna. Ernst Leitz mwenyewe ndiye aliyeamua kubahatisha, na mwaka 1925 Leica ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig.

Lakini chini ya hoja ya chembe na mikwaruzo palikuwa na jambo jingine: cheo. Kamera kubwa ilikuwa kitambulisho. Mwenye nayo akiingia ukumbini, watu wanajipanga, wanakohoa, wananyoosha tai. Hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Mwenye kamera ya mfukoni anafanana na mtalii yeyote, na mhariri anaweza kuanza kujiuliza, kwani huyu namlipa kwa nini?

Jibu lilikuwa limeshatolewa Berlin. Erich Salomon, aliyesomea sheria, alitumia Ermanox, kamera ndogo ya vioo yenye lenzi iliyoweza kupiga picha ndani ya nyumba bila kuwasha mwanga wa ziada. Mwaka 1928 aliificha ndani ya kofia akapiga picha mahakamani, mahali ilipokatazwa. Mwaka 1930 alikuwa The Hague, saa za usiku wa manane, akiwapiga mawaziri waliochoka hadi kulala vitini. Mwaka uliofuata, Paris, Aristide Briand alimgundua karamuni akamnyooshea kidole, na kidole hicho kikawa picha maarufu. Wasomaji hawakuhesabu chembe. Kumbe wakubwa nao husinzia! Salomon alikuwa Myahudi. Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1944.

Hapo ndipo wakongwe walipopotoka. Walipima picha kwa ubora wa kioo, msomaji akaipima kwa kilichomo.

Kisha teknolojia ikaziba pengo. Mwaka 1936 filamu ya rangi ya Kodachrome ilitoka kwa kamera kama Leica, laini kiasi cha kustahimili kuvutwa. Marden aliisukuma National Geographic iikubali, na kile kitu cha kuchezea kikawa chombo rasmi cha kazi. Mwaka huohuo jarida la Life lilianza, likiwa na Margaret Bourke-White, aliyeamini kamera kubwa, na Alfred Eisenstaedt, mtu wa Leica, kwenye meza moja. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Faida ilitufikia hata sisi. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Kenya aliyewapigia picha Time na Life, aliuawa vitani Biafra mwaka 1968. Kazi ya kukimbia na askari, jicho likiwa kwenye kamera, haikuwezekana kwa stendi ya miguu mitatu.

Ila kuna deni ambalo washindi hawalitaji. Mbele ya kamera kubwa, mtu alijua anapigwa picha. Angeweza kugoma, kugeuza uso, au kuchagua namna ya kusimama. Najua, wengi katika makoloni walisimamishwa kwa amri, si kwa hiari. Hata hivyo walikuwa wanajua. Kamera ya kofiani ilimwondolea waziri nafasi hiyo, tukashangilia kwa sababu alikuwa mkubwa. Ilipomgeukia mkimbizi, mgonjwa, mama mwenye njaa, ilikuwa na wepesi uleule, na yeye hakuwa na mlango wa kufunga. Wakongwe hawakulisema hili, walikuwa wanalinda mkate wao. Lakini katika ubishi wao wote, swali hili ndilo bado halijajibiwa.