Kilomita kwa Lita kati ya Misigiri na Sekenke: Historia ya Kubana Mafuta Nchini Tanzania, kutoka Miaka ya Uhaba hadi Magari Mseto

Misigiri ni mji mdogo wa njiani katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, mahali ambapo barabara ya kwenda Kiomboi huchepuka kutoka barabara kuu ya Singida hadi Nzega. Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita hapa likiwa bado juu ya uwanda wa Iramba. Baada ya hapo hushuka mlima Sekenke hadi Shelui, kwenye mbuga tambarare ya Wembere. Kwa mwanahistoria wa madini, Sekenke ni jina la mgodi wa dhahabu uliofunguliwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambao dhahabu yake ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Kwa dereva, Sekenke ni jina la mteremko. Insha hii inashughulika na Sekenke ya dereva.

Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo cha kilomita kwa lita, ambacho leo husomwa kama sifa ya gari iliyoandikwa kiwandani, kwa sehemu kubwa ya historia ya usafiri nchini kilikuwa sifa ya barabara, ya mzigo na ya mguu wa dereva. Ujio wa magari mseto, yaani yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, ambayo watu wengi huyaita haibridi, haukuufuta ukweli huo. Uliufanya mzito zaidi, kwa sababu mnunuzi sasa hulipia tarakimu ambayo hajaiona ikitokea katika barabara yake mwenyewe.

Inafaa kuanza na miaka ambayo mafuta hayakupatikana. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha kusafisha mafuta, TIPER, kilichoanza kazi Kigamboni mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano, na kuanzia mwaka 1969 ilikuwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Hata hivyo mafuta ghafi yote yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Bei ya pipa ilipopanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, nchi ilikuwa imekumbwa pia na ukame uliolazimisha kununua chakula nje. Mshtuko wa pili wa mwaka 1979 ulikuja pamoja na gharama za Vita vya Kagera, miaka miwili tu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Katika miaka hiyo ya uhaba magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 8 mchana siku ya Jumapili, petroli ikatafutwa kwa vibali na foleni, na mwaka 1983 kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ikaifanya dumu iliyofichwa uani kuwa ushahidi wa jinai.

Jambo la kuzingatia katika sera hizo ni namna zilivyoelewa maana ya kubana mafuta. Kubana kulikuwa kulizuia gari lisitembee. Gari lililoruhusiwa kutembea liliachwa litembee lilivyozoea, na ujuzi wa kuliendesha kwa mafuta kidogo haukuwa na nafasi katika lugha ya serikali. Palipozungumzwa matumizi ya mafuta ya gari la umma, mazungumzo hayo kwa kawaida yalikuwa ya tuhuma: ikiwa daftari la safari linaonyesha lita nyingi kuliko kilomita, basi dereva amenyonya mafuta na kuyauza. Wizi huo ulikuwepo, na haina haja kuupamba. Lakini tuhuma iliyojengwa juu ya tarakimu moja kwa barabara zote ilimtia hatiani pia dereva aliyepanda Sekenke akiwa na tela lililojaa pamba au saruji, kisha ikampa sifa yule aliyeshuka mtupu.

Madereva wenyewe walikuwa na elimu yao, iliyopitishwa kutoka kwa dereva hadi kwa tanboi bila kuandikwa. Kupunguza mwendo mapema badala ya kukanyaga breki, kuuchukua mlima kwa gia moja bila kubadilisha katikati, kutoacha injini ikinguruma wakati wa kupakia, na kuangalia upepo wa matairi kila alfajiri ni mambo ambayo fizikia inayathibitisha moja kwa moja. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na mwendo huo ulikuwa umenunuliwa kwa mafuta.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na upande wake wa hatari. Desturi ya kuliachia gari mteremkoni bila gia, wakati mwingine na injini imezimwa, ilikuwa na mantiki fulani kwa injini za petroli zenye kabureta, ambazo ziliendelea kuvuta petroli hata gari lilipokuwa likisukumwa na uzito wake. Kwa lori la breki za upepo, kuzima injini ni kusimamisha pampu inayoujaza upepo huo. Kuondoa gia nako ni kuutupa msaada wa injini na kuuachia uzito wote breki peke yake, na breki zilizopata moto kupita kiasi huacha kushika. Akiba ya glasi kadhaa za dizeli iliwekwa mizani moja na uhai wa watu waliokuwa mbele kwenye kona. Injini za kisasa za sindano hukata kabisa mafuta gari linaposhuka likiwa ndani ya gia, na hunywa kidogo likiwa nje ya gia. Desturi hiyo kwa hiyo imebaki bila faida yake ya zamani, ila hatari ndiyo ileile.

Mageuzi ya katikati ya miaka ya 1980, hasa ruhusa ya mwaka 1984 ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe na programu ya kufufua uchumi ya mwaka 1986, yalifungua mlango wa magari yaliyotumika. Mwaka 2000 biashara ya mafuta iliachiwa soko huria, na shughuli ya kusafisha mafuta Kigamboni ikafikia mwisho katika kipindi hichohicho. Tangu Januari 2009 EWURA imekuwa ikitangaza bei kikomo. Bei hizo hutajwa kwa mji na wilaya, na gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini huingizwa ndani yake, hivyo lita moja Iramba huwa ghali kuliko Dar es Salaam. Barabara ya Singida hadi Shelui nayo ilipata lami katika miaka ya 2000, na mwendo ambao zamani ulizuiwa na mashimo na vumbi ukabaki kuzuiwa na sheria tu: kilomita 50 kwa saa penye makazi, na 80 kwa mabasi na malori. Gari dogo nje ya makazi halikuwekewa kiwango kama hicho. Hapa ndipo historia ya gari mseto inapokutana na barabara hii.

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, likitangazwa kwenda kilomita 28 kwa lita. Toleo la tatu la mwaka 2009 lilitangazwa kufikia kilomita 38 katika namna yake iliyo nyepesi zaidi, na Toyota Aqua la Desemba 2011 likafikia 40. Tarakimu hizi zilitokana na jaribio la Kijapani lililoitwa 10·15. Katika jaribio hilo gari huwekwa juu ya magurudumu ya maabara, injini ikiwa imekwisha kupata moto, huendeshwa kwa dakika 11 umbali wa kilomita 4 na kidogo, na halivuki mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Jaribio lililofuata, JC08, lilijumuisha pia kuanza na injini baridi na kufika karibu kilomita 82 kwa saa. Aqua lilelile likashuka hadi 35.4, na Prius hadi 32.6. Huko Marekani Prius hilo la toleo la tatu lilipimwa kuwa na maili 50 kwa galoni, yaani takriban kilomita 21 kwa lita. Chuma ni kilekile. Wapimaji walikuwa wamejiuliza maswali tofauti.

Wamarekani nao walikuwa wamejirekebisha. Kuanzia magari ya mwaka 2008 mamlaka yao ya mazingira iliongeza ndani ya kipimo mwendo wa kasi, kukanyaga mafuta kwa nguvu, kiyoyozi na baridi kali, na Prius la mwaka 2004 likateremshwa kutoka maili 55 hadi 46 kwa galoni bila skrubu moja kubadilishwa. Barani Ulaya watafiti wa usafiri safi walionyesha kwamba pengo kati ya maabara na barabara kwa magari mapya lilikua kutoka chini ya asilimia 10 mwaka 2001 hadi karibu asilimia 40 katikati ya miaka ya 2010. Gari lililotumika huliacha jaribio lake nyuma kwao, na tarakimu yake ikaja nalo hadi bandari ya Dar es Salaam, ikiwa imenakiliwa katika tangazo la muuzaji.

Kwa nini gari mseto hutegemea mwendeshaji zaidi ya gari la kawaida? Akiba yake hutokana na mambo mawili makubwa: injini kuzimika wakati haihitajiki, na mota kugeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo, ikirudisha katika betri sehemu ya nguvu ambayo breki za kawaida zingeiteketeza. Yote mawili yana manufaa makubwa penye foleni. Ndiyo maana kipimo cha Marekani kiliipa Prius ya mwaka 2010 maili 51 mjini na 48 barabara kuu, kinyume cha magari mengi ya kawaida, ambayo hula zaidi mjini. Foleni za Dar es Salaam, ambazo kwa Toyota IST ni hasara tupu, kwa gari mseto ni uwanja wa nyumbani. Kutoka Singida hadi Misigiri hakuna foleni. Huko adui ni upepo, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo, kiasi kwamba kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huuongeza kwa zaidi ya nusu. Mtu anayenunua gari mseto kwa ajili ya safari ya Mwanza na kuliendesha kwa 120 amelipia kifaa ambacho mwendo wake mwenyewe unakinyima kazi.

Mteremko wa Sekenke unalionyesha jambo hili kwa hesabu. Chukua gari la kilo 1,400 likishuka mita 300. Nguvu ya kushuka huko ni takriban megajuli 4.1, yaani zaidi kidogo ya yuniti 1.1 za umeme. Betri ya Prius ya toleo la tatu ina ujazo wa jumla wa yuniti 1.3, lakini kompyuta huiruhusu itumie takriban asilimia 40 tu za kati ili isichakae, na ile ya Aqua ni ndogo zaidi. Hata baada ya kuondoa kinacholiwa na upepo, matairi na upotevu wa jenereta, betri iliyofika kilele ikiwa nusu hujaa kabla ya bonde. Kinachobaki huenda kwenye joto kama katika gari lolote, kwa breki au kwa injini kuzungushwa tupu dereva anapoweka gia kwenye alama ya B. Dereva wa zamani aliyefika ukingoni akiwa ameachia mafuta mapema, gari likipoteza mwendo lenyewe, alikuwa akifanya kwa mguu kile ambacho betri haiwezi kukimaliza.

Liko pia jambo dogo ambalo vitabu vya kiwandani hulitaja kwa sentensi moja. Betri ya magari haya hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Gari linalotoka lami na kuingia barabara za vumbi za vijiji vya Iramba, madirisha wazi, huziba njia hiyo, betri hupata moto, na kompyuta huipunguzia kazi. Mwenye gari huona lita zikiongezeka na kumlaumu muuza mafuta.

Uzito wa suala hili ulionekana mwaka 2022, bei za dunia zilipopanda baada ya vita vya Ukraine na serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili kuzipunguza. Kama mwaka 1974, hatua iliyochukuliwa iligusa upatikanaji na bei. Matumizi ndani ya gari hayakuguswa. Taasisi zenye magari, kwa upande wao, zinapopanga posho ya mafuta kwa tarakimu ya katalogi, hurudia kosa la daftari la zamani: dereva wa gari mseto aliyetumwa Igunga hutakiwa kueleza ni wapi zilikokwenda lita ambazo hazikuwahi kuwepo isipokuwa katika maabara ya Japani.

Kipimo cha haki kipo, nacho ni cha zamani kuliko kompyuta ya dashibodi, ambayo mara nyingi husema vizuri kuliko pampu. Tangi hujazwa hadi juu kituoni, kilomita huandikwa, na baada ya safari hujazwa tena hadi palepale. Katika barabara hii kipimo hicho kina sharti moja: kianze na kuishia Misigiri, baada ya kwenda Shelui na kurudi. Anayepima kwenda tu atajisifu kwa kazi iliyofanywa na mlima, na anayepima kurudi tu atadhani ameuziwa gari bovu.