Matengenezo Yasiwe Kufuli

Jumba la makumbusho linapohitaji matengenezo hutokea swali gumu: je, lifungwe mpaka mafundi wamalize, au wananchi waendelee kuingia huku nyundo zikilia? Nchi jirani ya Kenya imelijibu swali hilo kwa njia mbili, na zote mbili zina mafunzo.

Mjini Mombasa ipo ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nayo mpaka leo inaitwa Fort Jesus. Kwa askari, ngome hiyo ni kitabu kizima cha vita. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, lakini haikuanguka mpaka Desemba 1698, baada ya njaa na maradhi kuwamaliza walinzi wake. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza gereza. Kwa zaidi ya miaka 60, mwananchi aliyeupita mlango ule aliupita ama kama mfungwa, ama kama askari wa kumlinda mfungwa.

Mwaka 1958 gereza liliondolewa. Kwa msaada wa Shirika la Gulbenkian la Ureno, ngome ilianza kutengenezwa, na mtaalamu James Kirkman akaanza kuchimba ardhi ya ndani kutafuta mabaki ya kale. Uchimbaji huo ulikwisha mwaka 1969. Lakini makumbusho hayakungoja. Yalifunguliwa mwaka 1960. Mgeni wa miaka ile aliingia katika jumba ambalo historia yake ilikuwa bado inafukuliwa.

Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Nairobi lilifuata njia nyingine. Lilifungwa mwaka 2005 kwa matengenezo na upanuzi uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, likafunguliwa tena mwaka 2008. Njia hiyo nayo ina sababu zake. Vumbi la saruji huharibu vitu vya kale, mvua huingia paa linapoezuliwa, na penye vibarua wengi mwizi hupata upenyo.

Hata hivyo, kufunga mlango peke yake si ulinzi. Kitu kilichofungiwa ghalani bila kuhesabiwa hupotea kimya kimya. Kilicho mbele ya macho ya watu kikikosekana, hujulikana siku ile ile. Kinachotakiwa ni utaratibu ambao kila askari anaufahamu: eneo la kazi litengwe, vitu viandikwe kabla ya kuhamishwa, mafundi na wageni wasitumie mlango mmoja, na zamu ya ulinzi isikatike. Chumba kimoja kikitengenezwa, kingine kibaki wazi. Na inapobidi jumba zima lifungwe, siku ya kulifungua itangazwe na iheshimiwe.

Tangu mwaka 2011 ngome ya Mombasa imo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini wenyewe wa kwanza ni watu wa mji ule, ambao babu zao waliijua kwa minyororo. Mlango uliochelewa hivyo kufunguliwa haufai kufungwa ovyo kwa ajili ya nyundo na mwiko.