Koleo, Waya na Uzi: Zana za Kubadilishia Nyuzi za Gita kutoka Katanga hadi Maniema ya Kusini

1.0 Utangulizi

Historia ya gita katika Kongo ya Mashariki imeandikwa aghalabu kwa kufuata majina ya wapigaji na santuri walizorekodi. Njia hiyo ina faida zake, lakini huacha swali moja la msingi bila jibu: uzi ulipokatika, mpigaji aliubadilisha kwa kutumia nini? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, gita lisilo na nyuzi ni sanduku la mbao tu, na Maniema haikuwa na kiwanda cha kuvuta waya wa ala za muziki. Kila uzi ulisafiri kutoka mbali, au mahali pake palijazwa na kitu kingine ambacho nacho kilikuwa kimesafiri. Makala haya yanazitazama zana za kubadilishia nyuzi kama ushahidi wa kihistoria, yakilenga eneo la Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, na jirani yake Kasongo. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa zana hauelezeki kwa sanaa ya muziki peke yake. Unahitaji pia kuelezwa kwa historia ya reli, ya maduka na ya baiskeli.

2.0 Njia ya uzi

Reli iliyotoka kusini mwa Afrika ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka huohuo ilikamilika reli ya Kindu hadi Kongolo, inayopita Samba katika wilaya ya Kasongo. Mwaka 1915 reli nyingine iliunganisha Kabalo na Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Hivyo Maniema ya kusini iliwekwa kati ya milango miwili ya bidhaa: migodi ya shaba ya Katanga kwa upande mmoja, na ziwa kwa upande mwingine. Salamabila haiko kando ya reli. Umuhimu wake ulitokana na dhahabu ya Namoya, iliyochimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, na bidhaa zilizoshushwa vituoni hazikuwa na budi kumaliza safari kwa barabara.

Lugha ya njia hizo ilikuwa Kiswahili. Kasongo ilikwisha kuwa mji wa Waswahili wa misafara kabla ya kutekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, na Kiswahili ndicho kilichokuja kutawala katika kambi za wafanyakazi wa Katanga. Gita lilistawi katika kambi na miji hiyo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, sasa Likasi, kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka, na mwaka 1969 Mwenda alipiga gita katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990. Mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada umechambuliwa na wataalamu kadhaa, akiwamo David Rycroft. Nyuzi zenyewe hazikupewa uzito kama huo.

Njia ya uzi haikubaki wazi daima. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kuyatwaa maduka na mashamba ya wageni na kuyakabidhi kwa raia. Biashara nyingi za rejareja zilidhoofika upesi. Vita vilivyoanza mwaka 1996 na kuzuka upya mwaka 1998 viliivunja zaidi mitandao ya usafiri, na katika sehemu nyingi za Maniema baiskeli ikawa ndiyo lori la wananchi. Katika mazingira hayo bidhaa iliyotangulia kukosekana ni ile isiyoliwa wala kuvaliwa. Uzi wa gita ni mojawapo.

3.0 Waya wa breki

Husimuliwa kote Afrika ya Mashariki na ya Kati kwamba wapigaji walitumia waya wa breki ya baiskeli, au kinga kama isemwavyo Katanga, badala ya uzi wa dukani. Simulizi hilo lastahili kupimwa. Baiskeli nzito za kizamani za Kiingereza, zilizoenea mno vijijini, hazikuwa na waya wa breki hata kidogo: breki zake zilivutwa kwa fito za chuma. Kwa hiyo, mahali zilipotawala baiskeli za namna hiyo, waya ulipaswa kutoka kwenye baiskeli za aina nyingine au kwenye pikipiki.

Pale ulipopatikana, waya huo ulifaa kwa sababu za kimaumbile. Waya wa kawaida wa breki una kipenyo cha milimita 1.5 hivi, na mara nyingi husokotwa kwa nyuzi 19. Kila uzi mmoja, ukitenganishwa, una unene wa milimita 0.3, ambao ndio unene wa uzi wa kwanza wa gita la nyuzi za chuma. Waya mmoja wa breki ya nyuma huweza kumpa mpigaji akiba ya miaka.

Lakini msaada wa baiskeli una mpaka. Nyuzi nene za besi hutengenezwa kwa kuzungushia waya laini juu ya kiini cha chuma, ili uzi uwe mzito bila kuwa mgumu kama fito. Waya wa breki hauwezi kuchukua nafasi hiyo. Besi ilipaswa kununuliwa, au kutunzwa: kufutwa jasho, kuchemshwa ili kuondoa uchafu, na kufungwa fundo ilipokatika karibu na kigingi. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika upigaji wa Katanga, kidole gumba hutegemea nyuzi za besi. Uzi uliokuwa mgumu zaidi kupatikana ndio uliobeba msingi wa wimbo.

4.0 Uteuzi wa zana

Kazi ya kubadilisha uzi ina hatua nne: kulegeza, kung'oa, kufunga na kukaza. Duka la ala za muziki huuza zana kwa kila hatua: mkono wa kuzungushia vigingi, kibanio cha kung'olea vijiti vinavyoshika mwisho wa uzi, koleo la kukatia, na kifaa cha kupimia sauti. Fundi wa baiskeli ana koleo, tupa na spana. Kati ya orodha hizi mbili, koleo pekee ndilo lisiloepukika.

Koleo lenyewe huteuliwa kwa uangalifu. Chuma cha uzi ni kigumu, nacho hutia pengo katika makali ya koleo laini. Uzi wa breki hauna kipete mwishoni. Lazima upindwe kitanzi na kusokotwa, na kwa hiyo koleo lenye ncha nyembamba linafaa kuliko lenye mdomo mpana. Uzi wa besi nao usikatwe kabla ya kukunjwa kwenye kigingi, kwani waya wa juu huweza kufunguka na uzi ukafa sauti.

Mkono wa kuzungushia huokoa muda tu, vidole vyatosha. Kifaa cha kupimia sauti nacho kina mbadala usiouzwa. Mpigaji anayebadilisha uzi mmoja mmoja huziacha nyuzi tano nyingine zikiwa zimekazwa, naye huukaza uzi mpya kwa kuzisikiliza hizo. Kanuni hiyo, ambayo vitabu huifundisha kwa ajili ya kulinda shingo ya gita isibadilikiwe na mvuto unaokaribia kilo 70, kwa mpigaji asiye na kipimo ina maana nyingine: nyuzi zilizobaki ndizo kumbukumbu ya sauti.

5.0 Hitimisho

Mtafiti anayesikiliza rekodi ya zamani na kukuta gita limekazwa chini ya kiwango, au uzi mmoja una mlio wa kukwaruza, huwa mwepesi wa kuuita mtindo wa kienyeji. Huenda ni mtindo. Huenda pia ni besi iliyolegezwa isikatike, au uzi wa breki usionyooka vizuri. Hukumu hiyo haiwezi kutolewa kwa masikio pekee. Yahitaji kuwauliza mafundi wa baiskeli pamoja na wapigaji wenyewe. Wapigaji wa kizazi cha Mwenda wamekwisha kutoweka au wanatoweka, na maarifa ya koleo hayakuandikwa katika jalada la santuri yoyote. Kazi ya kuyakusanya kati ya Kasongo, Kabambare na Salamabila, kwa Kiswahili cha huko huko, inafaa ifanywe wakati walioshika koleo hilo wangali hai.